Mazungumzo ya Jioni: Hofu Inayouzwa kwa Tiketi



Dominika iliyopita, baada ya Misa, mama mmoja wa hapa Kibiti alinisimamisha chini ya mwembe. Mkononi alishika karatasi ya Padre ya kuwaomba wazazi ruhusa, maana watoto wa Utoto Mtakatifu watakwenda tena Dar es Salaam kwenye bustani ya michezo. Akasema, "Babu, mwaka jana ulikwenda nao wewe. Nasikia huko kuna mashine inayomgeuza mtu miguu juu, kichwa chini. Mimi binti ninaye mmoja tu. Nitajie mashine inayotisha kupita zote, nimkataze hiyo, zilizobaki apande."

Nilimjibu nusu nusu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakitupita wakitusalimu. Lakini njiani nikafikiri, nikaona kwamba swali lake si dogo, na tena halikuulizwa sawasawa. Basi leo namjibu mama huyu, na ninyi wazazi wengine sogeeni msikie, hasa ninyi wa delta ambao karatasi hii itawafikia kwa mtumbwi.

Kwanza tusidhani kwamba mchezo wa kujitisha umeletwa juzi na wageni. Bembea ya kamba tumeifunga sote mwembeni tukiwa wadogo, na aliyesukumwa juu zaidi ndiye aliyepiga kelele za furaha zaidi. Majirani zetu Waislamu wanajua habari hiyo vizuri. Siku za Idi, viwanja vya Mnazi Mmoja kule Unguja na vya Makadara kule Mombasa hujaa watoto wenye nguo mpya wakingoja zamu ya bembea, na fedha ya sikukuu wameikunja mkononi. Siku hizi Dar es Salaam nayo ina bustani kubwa za michezo. Kunduchi, kaskazini ya mji, kuna mabomba ya kuteleza majini. Kigamboni kuna Fun City yenye mashine za namna nyingi. Sisi tulikwenda wapi mwaka jana sitasema, maana nitasimulia mambo yasiyotupa sifa sisi wenyewe, na sitaki mtu adhani nawalaumu wenye mahali.

Haya, tuanze na gurudumu kubwa, lile lenye viti vinavyoning'inia. Lililo mashuhuri kuliko yote ya zamani lilijengwa na Mmarekani mmoja, fundi wa madaraja, jina lake George Ferris, kwa ajili ya maonyesho ya Chicago mwaka 1893. Urefu wake ulikuwa mita 80, yaani karibu minazi mitatu mirefu mmoja juu ya mwingine. Lilikuwa na vyumba 36, na kila chumba kiliweza kuchukua watu 60. Fikirini, parokia nzima ingepanda mara moja na nafasi ikabaki! Magurudumu ya kwetu ni madogo sana kuliko hilo. Nayo huenda polepole. Mwenye baiskeli mbovu humshinda mbio aliye kitini. Lakini hofu yake ni kubwa. Kwa nini? Kwa sababu husimama. Unafika kileleni, mashine inakaa kimya wenzako wa chini wakipanda, kiti chako kinayumba kidogo, na wewe huna la kufanya ila kuangalia paa za nyumba.

Tulikuwa na mzee mmoja mvuvi wa delta, mtu aliyevuka Rufiji tangu utoto. Viboko wameinuka karibu na mtumbwi wake mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Mamba humwona kama watu wa mjini wanavyowaona mbwa wa jirani. Mzee huyu alipofika juu ya gurudumu alifumba macho, akashika chuma kwa mikono miwili, akasali Salamu Maria tatu kwa pumzi moja. Watoto walicheka hata wakakaa chini. Aliposhuka nilimwuliza, "Mwenzangu, wewe wa viboko, umeogopa kiti?" Akanijibu, "Kule mtoni kafi nimeshika mimi. Hapa ameshika nani?"

Maneno hayo niliyaweka moyoni, maana yanaeleza jambo lote. Mtu huogopa zaidi asipokuwa na usukani mkononi. Ndiyo sababu abiria huogopa na dereva haogopi, ijapokuwa motokaa ni moja na shimo ni moja.

Vikombe vinavyozunguka havitishi hata kidogo, bali vinatapisha. Ndani ya sikio la mtu kuna maji kidogo yanayomwambia amesimama au amelala. Ukizungushwa sana, maji yale huendelea kuzunguka hata mwili ukisimama. Macho yanasema hivi na sikio linasema vile, na tumbo linalipa gharama. Mtoto mmoja aliyekula chapati nne alipanda vikombe. Nguo zake zilifuliwa palepale bombani.

Mashua ya kubembea ni ile inayokwenda mbele na nyuma, juu zaidi kila mara, kama jahazi lililokutana na mawimbi ya kusi. Hapa nawapa siri ndogo: anayekaa katikati hutikiswa kidogo tu; anayekaa mwishoni ndiye anayepanda juu kabisa, na mashua ikirudi chini huona matumbo yamebaki angani. Vijana hugombania mwisho. Mwenye woga akae kati, na asionewe haya.

Sasa tufike kwenye mashine aliyoisikia mama yetu. Wengine huiita rolakosta. Mimi naiita gari la mlima, kwa sababu asili yake ni mlima. Warusi zamani, katika majira yao ya baridi, walijenga vilima vya mbao wakavimwagia maji, maji yakaganda kuwa barafu, wakateleza juu yake. Baadaye, mwaka 1817, Wafaransa wa Paris waliweka magari yenye magurudumu yaliyoshikwa katika reli. Na mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson akafungua reli yake ya kuteremka pale Coney Island, mjini New York, kwa senti 5 kila mtu. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa. Ndiyo, 10! Punda aliyekasirika humpita. Na bado watu walipanga mstari siku nzima, wakashuka wakihema. Hapo mwone kwamba hofu haipimwi kwa mwendo.

Magari ya siku hizi ni mengine. Kule Abu Dhabi, mwaka 2010, walifungua gari liitwalo Formula Rossa linalokimbia kilomita 240 kwa saa, na abiria huvaa miwani ya kukinga macho yasipigwe na vumbi na wadudu. Huko New Jersey, Marekani, lilikuwako jingine, Kingda Ka, la mwaka 2005, lililopanda mita 139 kwenda juu. Hilo lilifungwa mwaka 2024, na mwaka uliofuata mnara wake ukaangushwa. Hata mnara wa Babeli haukudumu.

Lakini nataka mjue namna gari hili linavyofanya kazi, maana hapa ndipo nilipojifunza. Gari lenyewe, lile la kawaida, halina injini. Mnyororo huliburuta mpaka juu ya kilima cha kwanza, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, kisha huliachia, nalo huteremka kwa uzito wake mwenyewe tu. Wakati wa kuburutwa utasikia sauti chini ya kiti: ta-ta-ta-ta-ta. Watoto wetu walisema sauti ile ndiyo iliyowatisha kuliko kuteremka. Binti mmoja alilia, "Babu, kuna kitu kinavunjika!" Kumbe sivyo. Sauti ile ni ya kijino cha chuma kinachoingia kila hatua katika meno mengine, ili mnyororo ukikatika gari lisirudi nyuma. Kinachopiga kelele ya kutisha ndicho kilichomshika mtoto.

Na tena magurudumu. Mnadhani yako juu ya reli tu kama ya gari moshi? Sivyo. Mwaka 1919 fundi John Miller alipata hataza ya magurudumu yanayoshika reli kutoka chini, hivi kwamba gari haliwezi kunyanyuka. Siku hizi kuna ya juu, ya ubavuni na ya chini. Hata ile duara ya kupindua watu haikufanywa mviringo kamili kama bangili, bali ina umbo la tone la maji, kwa sababu ile ya mviringo waliyoijaribu Coney Island mwaka 1895 iliumiza watu shingo. Kwa hiyo kila mahali unapopiga kelele, kuna mtu aliyekaa mezani miaka mingi akafikiri shingo yako.

Hapo nampa mama jibu la nusu ya kwanza. Mashine inayotisha kupita zote, kwa hesabu yangu, ni gari la mlima. Ya pili ni gurudumu kubwa kwa wazee, na mashua kwa vijana. Bomba la maji lililosimama wima lapasa kuwekwa karibu yao, kwa kuwa pale unajisukuma mwenyewe, na kujisukuma ni kazi ngumu kuliko kusukumwa.

Lakini, mama, hukuniuliza ni ipi yenye hatari. Umedhani ni swali lilelile. Mimi nami nilidhani hivyo mwaka jana.

Sisemi mashine haziwezi kuua. Huko Kansas City, Marekani, mwaka 2014 walifungua bomba la maji la mita 51, lililojengwa lipite yote duniani kwa urefu. Mwaka 2016 mtoto wa miaka 10 alifia humo. Mwaka 2018 likabomolewa. Palipotafutwa sifa kabla ya usalama, mtoto alilipa. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuangalia: je, kuna mtu anayekagua kila kifungo kabla ya kuondoka? Je, kuna kijiti cha kupimia kimo, na wanakifuata, au wanamwonea huruma mtoto mfupi anayelia? Chuma cha kifuani kikibaki wazi kwa mtoto mwembamba, asipande, hata kama tiketi imekwisha kulipwa. Anayemwinua mtoto kwa visigino ili afike alama hamtendei wema. Mama mjamzito na mgonjwa wa moyo wabaki chini na mizigo.

Sasa nisimulie yetu. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu watoto. Nilifanya kazi hiyo kwa kuhesabu kofia, maana Padre aliwapa wote kofia za njano. Mchana, baada ya chakula, watu wazima wote tulisimama tukitazama juu, kwa kuwa vijana wetu walikuwa katika gari la mlima, na mmoja alikuwa akipiga picha kwa simu. Nyuma yetu palikuwa na bwawa, si refu, kwa mtu mzima lafika kifuani. Maji yake masafi, ya buluu, na pembeni kuna picha ya bata. Nani aogope bata?

Mvulana mmoja wa darasa la nne, mtoto wa Kibiti mjini, aliingia pamoja na watoto wa delta. Wale wa delta huogelea kabla hawajajua kusoma. Walidhani kila mtoto ni hivyo. Huyu hakujua. Akasogea kidogo mpaka mahali ambapo miguu haifiki chini. Wasomaji wapenzi, hakupiga kelele. Jambo hili lishikeni kuliko yote niliyoandika leo: mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Kinywa chake kiko kwenye maji, hana pumzi ya kuitia. Husimama wima kama anayepanda ngazi, kichwa kimeelekea nyuma, mikono inakandamiza maji. Mtu akitazama hudhani anacheza. Yule anayepiga kelele kwenye mashine yuko salama, pumzi anayo.

Aliyemwona ni binti wa miaka 12 wa huko visiwani. Alimvuta kwa mkono, na mlinzi wa bwawa akaruka wakamtoa. Alitapika maji, akalia, tukamshukuru Mungu kwa kilio kile. Tulimpeleka kwa mganga kupimwa, maana aliyemeza maji kifuani aweza kuugua saa kadhaa baadaye. Alipona. Kofia yake ya njano ilikuwa imekaa vizuri juu ya kiti, nami nilikuwa nimeihesabu.

La pili ni baya zaidi kwangu, nami nalisema kwa kuwa nimekwisha kuliungama. Siku ya kuondoka, saa kumi alfajiri, baba mmoja alimleta mwanawe. Katika karatasi ya ruhusa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: ASIPANDE MASHUA. Mtoto huyo alifika juu ya pikipiki yenye watu wanne, taa moja haiwaki, bila kofia ngumu hata moja. Nilicheka kimoyomoyo. Usiku tuliporudi ilikuwa saa tatu, mvua inanyesha, kila mtu anataka kulala. Kijana wa bodaboda alikuwa mmoja tu. Basi mimi, mwenye kucheka, nikampandisha mjukuu wangu pamoja na wenzake wawili, ule mtindo wanaouita mshikaki, nikasema, "Si mbali." Penye kona ya matope pikipiki ikateleza. Wawili walichubuka. Mjukuu wangu alivunjika mtulinga.

Siku ile alikuwa amepanda gurudumu, vikombe, mashua na gari la mlima mara mbili. Aliumia karibu na nyumbani, mahali ambapo hakuna aliyeogopa.

Katekista wetu, mtu mwenye kufikiri, aliniuliza baada ya safari kama kupanda mashine hizi si kumjaribu Mungu. Alikumbusha jinsi Shetani alivyomweka Bwana wetu juu ya mnara wa Hekalu akamtaka ajitupe, naye akakataa. Nilimjibu kwamba nimelifikiri, nami naona hivi. Anayepanda gari la mlima hajitupi. Amefungwa, na watu wamefanya kazi yao kabla yake. Kumjaribu Mungu ni kuruka hatua ambazo mwanadamu amepewa akili ya kuzifanya, kisha kusema, "Mungu yupo." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Nadhani wengi waliopanda siku ile hawakuogopa. Walikuwa wamezoea, kisiwa kinaonekana mbele, na kivuko hakikupiga kelele ta-ta-ta.

Ninyi wa Nyamisati na wa delta mnanielewa. Wazee tunakumbuka kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na jinsi kila mtu alivyotaka kuingia safari hiyohiyo. Mito yenu haijapata daraja. Mashua ikijaa mizigo hata maji yakabaki kiganja kimoja kufika ukingoni, hakuna mama anayeomba karatasi ya ruhusa.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Mwache binti yako apande kila mashine ambayo kimo chake kinaruhusu na ambayo yeye mwenyewe anataka. Asiyetaka asilazimishwe, wala asichekwe; nitawakemea wote watakaomcheka. Akitaka kushuka kabla haijaondoka, ashuke, tiketi ipotee. Ale kidogo tu kabla ya vikombe. Akisikia kijino kinagonga chini ya kiti, mwambie ni kazi nzuri inafanyika. Lakini kama hajui kuogelea, andika hilo katika karatasi, kwa herufi kubwa kama za yule baba. Padre amekubali kwamba wasiojua watavaa kofia nyekundu safari hii, na hawataingia majini bila mtu mzima aliye majini pamoja nao, si aliyekaa kitini.

Nimeomba pia mambo mawili, nayo yamekubaliwa. Basi litaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kumekucha, na jioni litatupitia mitaani kutushusha, hata kama dereva ataongezwa fedha kidogo kwa ajili hiyo. Kila familia itoe shilingi 500 kwa fedha hiyo, na asiye nayo aniambie kwa siri. Atakayeleta mtoto kwa pikipiki, alete mmoja mmoja.

Vijana wamekwisha kuniuliza kama mwaka huu nitapanda nao gari la mlima. Nimewaambia waende na katekista. Mimi nimeomba kiti cha kando ya bwawa la bata, nami nitakaa hapo kutwa nzima na mgongo wangu nikiwapa wao. Yule mzee wa viboko ameahidi kukaa nami, na amesema atakuja na kafi lake.